Kivinjari Kimegoma Kufungua Tovuti: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma Kuhusu Vyeti vya Usalama

Barua za safari hii zimetoka mkoa wa Kigoma, na zote zinazungumzia ukurasa mmoja: ule wenye alama ya mshangao unaotokea mahali ambapo tovuti ilipaswa kufunguka. Kabla ya majibu, tuweke msingi. Tovuti yoyote inayoanza na https humwonyesha mgeni cheti, na kivinjari hukikagua kwa mambo matatu. Je, jina lililo ndani ya cheti ni lilelile uliloandika? Je, leo iko kati ya tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha? Je, aliyekitia sahihi anatambulika? Likikosekana moja, mlango haufunguki. Kwenye ukurasa wa onyo kuna msimbo kwa herufi kubwa, na msimbo huo ndio unaotaja ni lipi kati ya matatu lililokosekana. Kwenye Firefox wakati mwingine umejificha. Bofya Advanced ndipo uuone. Unakili herufi kwa herufi kabla hujagusa kitu chochote.

SWALI: Habari za kazi. Nina duka la steshenari Mwanga, Kigoma mjini. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoomba vyuo na mikopo. Kompyuta yangu ya mezani kila asubuhi nikiiwasha inakataa tovuti zote, hata Google, na kuandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nikirekebisha tarehe inakubali mpaka jioni, kesho yake ni yaleyale. Fundi ameniambia Windows imekufa, inatakiwa ipigwe upya kwa elfu thelathini. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na tunakuomba usiitoe hiyo elfu thelathini. Maelezo yako yameshautaja ugonjwa: tarehe inakaa mchana kutwa, ukizima na kukata umeme ukutani inapotea. Ndani ya lile boksi ambalo wengi tunaliita CPU, kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kuna betri ya duara kama sarafu. Kazi yake ni kuitembeza saa ya kompyuta wakati umeme haupo. Betri hiyo imekwisha. Asubuhi mashine inaamka ikidhani iko kwenye tarehe ya kiwandani, tuseme mwaka 2012. Inaletewa cheti kilichotolewa mwaka huu, na kivinjari kinaamua kuwa cheti hicho hakijaanza kutumika. Hapo hakuna tovuti itakayopona. Shika kanuni hii: tovuti moja ikigoma, shuku tovuti, zikigoma zote kwa mpigo, shuku kifaa chako au mtandao ulioungana nao.

Betri yenyewe karibu kila mara ni CR2032. Namba hizo ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Umeme wake ni volti 3. Usikubali kuuziwa CR2025 kwa maneno kwamba zinafanana. Upana ni uleule, lakini unene wake ni milimita 2.5, hivyo inaweza kucheza ndani ya kikalio na saa ikapotea tena meza ikitikiswa. Mafundi saa wanazo, na wauza rimoti za magari pia. Kama jirani ana mita, pima kabla ya kulipa: iliyo mpya husoma kati ya volti 3.0 na 3.3, na inayosoma chini ya 2.7 imeshachoka.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha boksi kisichopakwa rangi, maana umeme tuli wa kidoleni unaweza kuua mazabodi bila wewe kuhisi chochote. Fungua ubavu wa boksi. Pembeni ya betri utaona ulimi mdogo wa chuma. Usukume nje kwa ukucha au bisibisi bapa, na betri itainuka yenyewe. Usiikwangue kutoka chini kwa kisu, kwa kuwa waya za mazabodi zinapita hapohapo na ni nyembamba kuliko unywele. Betri mpya inakaa na upande wenye alama ya + ukiutazama wewe. Isukume mpaka uusikie ulimi ukishika.

Rudisha umeme, washa, na papo hapo bonyeza mfululizo kitufe cha kuingia Bayosi, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows: kwa mashine nyingi ni Delete au F2, kwa HP nyingi ni F10. Weka tarehe na saa, kisha hifadhi na utoke. Hapa pana mtego kwa wasomaji wengine ambao betri zao zimechoka lakini bado hazijafa. Betri ikitolewa, Bayosi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Iwapo sehemu ya SATA, inayoamua namna ya kuisoma diski, ilikuwa AHCI ikageuka IDE, au kinyume chake, Windows haitawaka, itaishia kwenye skrini ya bluu, na hapo ndipo mtu huambiwa imekufa kumbe ni mzima. Kwa hiyo wao waingie Bayosi kabla ya kuitoa betri na waupige picha ukurasa huo kwa simu. Wewe usiwe na wasiwasi: mipangilio ya Bayosi yako inapotea kila usiku na mashine bado inawaka.

Kazi ya mwisho iko ndani ya Windows. Kwenye mipangilio ya tarehe na saa chagua ukanda ulioandikwa (UTC+03:00) Nairobi. Usiutafute kwa jina la Dar es Salaam, haumo kwenye orodha hiyo. Kisha washa saa ya kujirekebisha yenyewe na ubofye Sync now. Utajiuliza kwa nini Windows haikujirekebisha muda wote huu ilhali intaneti ilikuwepo. Sababu ni kwamba kompyuta isiyo kwenye mtandao wa ofisi imewekewa kikomo cha sekunde 54,000, yaani saa 15. Tofauti ikizidi hapo, huduma ya saa haithubutu kuigusa. Ndiyo maana kwanza unaisogeza tarehe kwa mkono, halafu unaiachia mashine imalizie dakika na sekunde.

SWALI: Mimi ni mama muuza dagaa, Kibirizi. Simu yangu ni ya zamani, Android 6. Tarehe na saa viko sahihi, nimevikagua mara tatu. Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinaleta NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Mwanangu akiweka laini yangu kwenye simu yake mpya, zote zinafunguka. Je, laini yangu ina tatizo?

JIBU: Shikamoo mama. Laini yako ni nzima, na jaribio alilolifanya mwanao ndilo lililolimaliza swali hilo. Mpe hongera zake.

Ndani ya kila simu kuna orodha ya watoaji vyeti wanaoaminiwa. Orodha yako ilifungwa siku simu ilipotoka kiwandani na haijaongezewa jina. Let's Encrypt ni mtoaji wa Marekani anayetoa vyeti bure, na tovuti nyingi sana duniani zinavitumia. Cheti chake kikuu kinaitwa ISRG Root X1, nacho kimo kwenye Android kuanzia toleo la 7.1.1. Simu za zamani ziliendelea kumkubali kwa sababu mtoaji mwingine, mkongwe, alikuwa amemdhamini. Udhamini huo uliisha kabisa tarehe 30 Septemba 2024. Tangu hapo simu kama yako ikiletewa cheti cha Let's Encrypt inaona sahihi ya mtu isiyemjua. Tovuti zinazokufungukia ni zile zenye vyeti vya watoaji waliomo kwenye orodha yako.

Dawa ya kwanza ni nyepesi: ingia Play Store upakue Firefox. Kivinjari hicho hubeba orodha yake chenyewe wala hakitegemei ya simu, na Play Store itakupa toleo la mwisho linalokubaliwa na simu yako. Andaa nafasi ya megabaiti mia tatu hivi, maana simu za umri huo hujaa upesi. Hakikisha unaipata Play Store, si kwa kurushiwa na mtu. Ukishaiweka, fungua ndani yake tovuti iliyokuwa inakataa.

Dawa ya pili ni kukiongeza cheti kikuu chenyewe kwenye simu. Tunaieleza kwa sababu mafundi wanaifanya, na tungependa ifanywe vizuri. Mwanao aingie letsencrypt.org kwa simu yake mpya, kwenye ukurasa wa vyeti, apakue ISRG Root X1, kisha akutumie faili kwa bluetooth. Kwako ingia mipangilio, usalama, halafu sehemu ya kuweka cheti kutoka kwenye hifadhi ya simu. Simu itadai uweke namba ya siri ya skrini kama huna. Kabla ya kukubali, fungua maelezo ya cheti usome alama yake ya vidole ya SHA-256, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba unaokitambulisha. Inaanza na 96:BC:EC:06 na kuishia na DF:08:C6, na cheti kinaisha tarehe 4 Juni 2035. Herufi moja ikitofautiana, futa faili hilo.

Tunasisitiza hapo kwa sababu kubwa. Anayekuwekea cheti kikuu kwenye simu anapata uwezo wa kujifanya tovuti yoyote mbele yako, benki ikiwemo. Cheti kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp, au kilicholetwa na mtu anayeahidi intaneti ya bure, usikiweke kamwe. Kama kimeshawekwa, ingia sehemu hiyohiyo ya usalama, fungua orodha ya vyeti vya mtumiaji, ukifute. Android yenyewe hutoa tangazo kwamba huenda mtandao wako unafuatiliwa pale cheti cha namna hiyo kinapokuwepo. Wengi hulifuta tangazo hilo bila kulisoma.

Na ukweli mwingine mama, bila kukuficha: simu ya Android 6 haipati tena marekebisho ya usalama. Kwa kusoma habari na bei za soko itakufaa. Kwa shughuli za fedha kupitia kivinjari, omba simu ya mwanao.

SWALI: Naendesha boti, tunashinda Kagunga na mwambao wa kaskazini. Simu ikishika mnara wa Burundi saa inarudi nyuma saa nzima. Nimezima otomatiki, naweka mwenyewe. Sasa kuna tovuti zinaleta onyo la tarehe. Je, mnara wa ng'ambo unaharibu vyeti?

JIBU: Mnara hauna kosa, kaka. Burundi wako UTC+2, sawa na mashariki ya Kongo, na sisi tuko UTC+3. Simu ikibadili ukanda, inabadili namna ya kukuonyesha saa tu. Hesabu yake ya ndani, ambayo ndiyo kivinjari hulinganisha na cheti, haiguswi.

Kilichokuharibia ni kurekebisha kwa mkono. Na kwa uzoefu wa kazi hii, kosa halisi mara nyingi si ile saa moja. Saa moja ni nadra kukiathiri cheti. Kosa liko kwenye namna yetu ya kuhesabu. Mtu anatazama jua, anasema ni saa tatu asubuhi, anaandika 3:00. Simu yeye haijui saa za Kiswahili: kwake 3:00 ni saa tisa usiku, na tayari uko nyuma kwa saa sita. Ukichanganya na AM na PM unapotea kwa saa 12. Cheti kilichofanywa upya alfajiri ya leo kinaonekana ni cha wakati ujao. Kubwa zaidi ni tarehe: simu iliyopangwa kimarekani huweka mwezi mbele, kwa hiyo ukiandika 04/08 ukimaanisha tarehe 4 Agosti, simu inaelewa tarehe 8 Aprili. Hapo umerudi nyuma karibu miezi minne.

Kwenye Android kuna swichi mbili tofauti, na watu huzizima zote kwa pamoja. Ya kwanza ni ya saa ya kujiweka yenyewe; iwashe. Ya pili ni ya ukanda wa saa kujiweka wenyewe; hiyo ndiyo uizime, kisha chagua Tanzania au Afrika Mashariki, GMT+03:00. Ushike mnara wa Kagunga, wa Burundi au wa Kongo, saa haitasogea. Wenzetu wa Manyovu, mpakani, nao wafanye vivyo hivyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu Kasulu, nasimamia tovuti ya shule. Wazazi wanalalamika. Jina la tovuti bila www linafungua, nikiweka www inaleta ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID. Halafu kuna wazazi ambao hata bila www simu zao zinakataa kwa msimbo wa AUTHORITY, ingawa kompyuta ya ofisini inafungua. Waliotuhifadhia tovuti wanasema kwao kila kitu kiko sawa.

JIBU: Mwalimu, una magonjwa mawili yaliyopandana, na yote yanatibika leo.

La kwanza ni la jina. Kwa kivinjari, shule yako yenye www na isiyo na www ni majina mawili, na cheti lazima kiyataje yote. Fungua ile inayofunguka, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, tazama cheti, tafuta sehemu ya Subject Alternative Name. Bila shaka utakuta jina moja tu. Kuna wanaodhani cheti chenye nyota, yaani *.jina, kinafunika kila kitu. Nyota hufunika ngazi moja tu ya mbele, wala haifuniki jina tupu. Hilo huandikwa peke yake.

Kama mnatumia cPanel, ile paneli ya kuendeshea tovuti, ingia SSL/TLS Status, tia alama kwenye majina yote mawili, bofya Run AutoSSL na usubiri dakika kadhaa. Likishindikana kwa www peke yake, ingia kwenye rekodi za DNS, zinazoelekeza kila jina kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Mara nyingi www bado inaelekezwa kwenye seva ya zamani mliyohama, na mtoaji cheti akienda kuhakiki anamkuta mpangaji mwingine. Kikwazo kingine hukaa kwenye faili la .htaccess, lenye amri za tovuti kwa seva. Uhakiki wa kawaida hufanywa kwa kusoma faili dogo ndani ya folda ya .well-known kupitia mlango namba 80. Kama umeweka amri ya kumhamishia kila mgeni ukurasa wa mwanzo, mhakiki naye anahamishwa, faili halioni, cheti hakitoki. Iandike amri yako isiiguse folda hiyo. Na usibofyebofye kwa hasira: Let's Encrypt huruhusu uhakiki ulioshindwa mara 5 tu kwa saa kwa jina moja, kisha inakuweka pembeni. Rekebisha kwanza, bofya baadaye.

La pili ni la mnyororo, na ndilo linalowachanganya hata watoa huduma. Cheti cha shule hakijatiwa sahihi na cheti kikuu moja kwa moja; katikati kuna cheti cha kati. Seva inatakiwa iwape wageni vyote viwili: chake na hicho cha kati. Ikitoa chake tu, vivinjari vingine hukitafuta vyenyewe hicho kilichokosekana, au vinacho tayari kutoka tovuti nyingine, navyo vinafungua. Vingine havifanyi hivyo, vinakataa. Ndiyo maana ofisini ni shwari na kwa mzazi ni kilio, na ndiyo maana mtoa huduma, akijaribu kwa kompyuta yake, anakuambia kwake ni sawa. Anasema kweli, ila hajapima.

Mpimie wewe. Kwenye kompyuta yenye openssl, programu ya kupimia vyeti kwa amri, andika amri hii, ukiweka jina la tovuti yako pale palipoandikwa jina:

openssl s_client -connect jina:443 -servername jina

Tazama mwishoni kwenye mstari wa Verify return code. Namba 0 ni salama. Namba 21 ni cheti cha kati kukosekana, na mtumie mtoa huduma mstari huo kama ulivyo. Asiye na openssl aende ssllabs.com kwenye ukurasa wa kupima seva. Jibu la Incomplete kwenye Chain issues ni ugonjwa huohuo. Tiba: kwenye cPanel, kisanduku cha CABUNDLE, ambacho ni cha cheti cha kati, kisiachwe kitupu. Kwa mwenye seva yake anayetumia Certbot, programu ya kuchukua vyeti vya Let's Encrypt, mipangilio isome fullchain.pem, wala si cert.pem. Majina hayo mawili yanakaa folda moja na kosa la kuchagua lile fupi ni la kila siku. Ukishabadili, iamuru seva isome mipangilio upya. Bila hivyo itaendelea kutoa cheti cha zamani kilicho kwenye kumbukumbu yake.

Jambo moja zaidi, mwalimu, kabla halijakukuta. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt huishi siku 90. Vyeti vya kununua viliruhusiwa mpaka siku 398, lakini vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026 havipaswi kuzidi siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 siku 47. Kukumbuka kwa kichwa hakutawezekana tena, lazima uhuishaji ujiendeshe wenyewe. Na tangu tarehe 4 Juni 2025 Let's Encrypt haitumi barua pepe za kukumbusha. Andika kwenye kalenda ya ofisi: kila tarehe mosi, fungua cheti, soma tarehe ya kuisha. Zikibaki chini ya siku 20 kwa cheti cha siku 90, uhuishaji wako umekwama mahali.

SWALI: Gesti niliyofikia Ujiji ina waifai ya bure. Nikiungana, Google na barua pepe vinaleta onyo la cheti. Nikirudi kwenye bando vinafunguka. Tatizo ni simu?

JIBU: Simu haina neno. Waifai za namna hiyo humzuia mgeni mpaka aweke namba ya chumba au nywila kwenye ukurasa wa mwenye mtandao. Ukiomba Google kabla ya kuingia, ruta inajaribu kukusukumia ukurasa wake badala ya Google, na kivinjari kinaona cheti chenye jina la ajabu. Usibofye kuendelea. Fungua neverssl.com, ukiandika http isiyo na s. Tovuti hiyo haina cheti kwa makusudi, kwa hiyo ruta inaweza kukuhamisha bila ugomvi na ukurasa wa kuingia utatokea. Simu nyingi pia hutoa tangazo juu ya skrini la kukutaka uingie kwenye mtandao, ligonge.

Ukishaingia, onyo linapaswa kuisha kabisa. Likiendelea kwa Google, kwa barua pepe, kwa kila kitu, basi kuna kinachosimama katikati yako na tovuti. Jitoe kwenye waifai hiyo, iambie simu iisahau, na utumie bando.

SWALI: Mwanafunzi, Uvinza. Kwenye onyo kuna Advanced halafu maandishi madogo ya kuendelea. Wenzangu wote wanabofya. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ubaya ni kwamba hujatibu chochote, umeizima kengele. Cheti ndicho kinachothibitisha unaongea na nani. Ukikiruka, nywila utakayoandika inaweza kusomwa na yeyote aliyekaa katikati. Mwaka 2011 mtoaji vyeti wa Uholanzi, DigiNotar, alivamiwa na wahalifu wakajitengenezea vyeti bandia, kimojawapo kwa jina la Google, kikatumika kuwapeleleza watu wa Irani. Vivinjari vilimfuta kwenye orodha zao, na kampuni ikafilisika Septemba ya mwaka huohuo. Waliosaidia kuugundua wizi huo ni pamoja na mtumiaji wa Irani aliyeona onyo kwenye kivinjari chake na kulitolea taarifa badala ya kulipuuza.

Kuna pahala pamoja ambapo kuendelea kunaeleweka: ukurasa wa ruta yako mwenyewe nyumbani, ule wa 192.168, ambao cheti chake ruta imejitengenezea yenyewe. Kwingine kokote penye nywila, namba ya simu au malipo, funga. Na ukikuta ukurasa wa onyo hauna kabisa sehemu ya kuendelea, usihangaike kuitafuta. Tovuti hiyo iliwahi kukiagiza kivinjari kisiruhusu njia ya mkato.

SWALI: Kompyuta ya ofisi yetu Gungu: Firefox inakataa kila tovuti kwa SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER, Chrome inafungua. Saa iko sahihi.

JIBU: Tazameni jina la aliyetoa cheti. Mkikuta jina la programu yenu ya kuzuia virusi, jibu ni hilo. Programu hizo huifungua safari ya https ili zikague kilichomo, kisha huifunga upya kwa cheti chao. Cheti chao kikuu wamekiweka kwenye orodha ya Windows, ambayo Chrome huiheshimu. Firefox ina orodha yake, na yenu haikukisoma kile cha Windows, jambo linalotokea hasa kwa matoleo ya kabla ya la 120. Ingieni kwenye mipangilio ya programu hiyo mzime ukaguzi wa https, au muiondoe na kuiweka upya ili ijiandikishe vizuri kwenye Firefox. Kinga dhidi ya faili zenye virusi itabaki. Kama jina mnalolikuta si la programu yoyote mliyoiweka wenyewe, chomoeni kompyuta hiyo kwenye mtandao kwanza, kisha muisafishe.

Kama Firefox yenu ni ya zamani sana, angalieni pia toleo lake: matoleo yaliyo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa yale ya muda mrefu (ESR), yalianza kuwa na matatizo baada ya cheti kikuu cha Mozilla kuisha tarehe 14 Machi 2025. Viongezo (add-ons) huzimika na baadhi ya video hazichezi. Kwa Windows 7, toleo la 115 la muda mrefu ndilo la kuweka.

SWALI: Nimetumiwa meseji yenye kiungo cha mkopo wa haraka. Nimefungua, hakuna onyo lolote, https ipo. Ina maana ni salama kutuma namba ya NIDA na ada ya elfu kumi?

JIBU: Hapana dada, usitume. Cheti kinathibitisha kwamba unaongea na jina lile lililoandikwa juu na kwamba njiani hakuna anayesikiliza. Hakisemi mwenye jina hilo ni mwaminifu, na tapeli anapata cheti bure kwa dakika tano kama mwalimu wetu wa Kasulu. Soma anwani kutoka kulia kwenda kushoto, ukianzia kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Tovuti ya serikali yetu huishia na .go.tz, ikiandikwa go-tz.com, au .go.tz ikiwa katikati huku mwisho ni kitu kingine, si ya serikali. Na anayedai ada kabla ya kutoa mkopo, mfungie hapohapo. Namba iliyokutumia meseji itolee taarifa kupitia 15040. Kama ulishaandika nywila kwenye ukurasa huo, ibadilishe sasa hivi, na kila mahali pengine ulipoitumia nywila hiyohiyo.